Chambo na Majira katika Ziwa Victoria, Upande wa Mwanza

Chambo cha sangara katika Ghuba ya Mwanza ni samaki aliye hai. Kabla mtumbwi haujaondoka mwaloni alasiri, ndoo za plastiki hujazwa maji, hutiwa furu au watoto wa kambale, na mtu mmoja hupewa kazi ya kuyabadilisha maji hayo njiani ili chambo kisife. Ndoano hupitishwa mgongoni mwa samaki huyo mdogo, chini kidogo ya pezi na juu ya uti wa mgongo, apate kuendelea kuogelea huku akiyumba. Ikipita chini zaidi humuua upesi, na sangara huvutwa zaidi na kinachocheza kuliko kilichotulia. Mamia ya ndoano za namna hiyo hufungwa kwenye kamba moja ndefu, kila moja kwa uzi wake. Kamba hiyo hushikiliwa na maboya au huzamishwa kwa mawe, kufuatana na kina wanachotarajiwa sangara usiku ule. Kina hicho hubadilika na majira ya mwaka. Chambo chenyewe, yaani ni samaki gani anayetiwa kwenye ndoano, kimebadilika na historia ya ziwa.

Katika nchi za baridi, majira ya uvuvi huongozwa na joto la maji. Samaki aitwaye bass huko Marekani, ambaye Afrika Mashariki humjua tangu alipopandikizwa Ziwa Naivasha nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, huzubaa wakati wa baridi kali. Mwili wake hupoa pamoja na maji na njaa yake hupungua, kwa hiyo mvuvi humpitishia chambo polepole karibu na sakafu. Majira ya joto yakifika, samaki yuleyule hukimbiza chambo cha kasi juu ya maji. Mwanza hali si hiyo. Mji uko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, usiku na mchana hulingana karibu mwaka mzima, na joto la maji ya juu ya ziwa hucheza kati ya nyuzi 24 na 27 hivi za Selsiasi. Tofauti ya nyuzi tatu haiwezi kumlaza sangara. Hata hivyo kila mvuvi wa Kirumba, Igombe au Ukerewe anajua kwamba mahali palipompa samaki Februari panaweza kumnyima Julai. Sababu zake zimo katika upepo, hewa iliyomo ndani ya maji, mvua na mwezi.

Upepo ndio mkubwa kuliko vyote. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo kavu za kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa kwa wiki nyingi mfululizo. Huyapoza maji ya juu, yakawa mazito, yakazama, na ziwa zima likachanganyika toka juu hadi chini. J. F. Talling, aliyelipima ziwa hili mwaka 1960 na 1961, alionyesha kwamba mchanganyiko huo hutokea kila mwaka katika miezi hiyo. Ziwa lenyewe si la kina kirefu kwa ukubwa wake. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 hivi, na mahali pa chini kabisa hapazidi sana mita 80. Kwa hiyo upepo wa miezi mitatu unatosha kuifikisha hewa hadi sakafuni.

Kuanzia Septemba upepo hulegea na jua huyapasha moto maji ya juu. Maji hayo huwa mepesi, yakakaa juu ya maji ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki tena hadi msimu wa upepo urudi. Katika tabaka la chini kila kinachooza hula hewa iliyobaki. Kufikia Januari hadi Machi, sehemu kubwa ya maji ya kina kirefu huwa haina hewa ya kumtosha samaki mkubwa. Sangara havumilii maji ya namna hiyo. Kamongo hupanda juu akavuta hewa kwa mapafu, na kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, lakini sangara hutegemea mashavu yake tu. Basi hupanda, husogea karibu na miamba na ghuba, na hujikusanya katika tabaka la juu. Katika miezi hiyo ndoano inayolazwa sakafuni mwa maji ya kina kirefu hungoja bure, hata kama chambo chake ni kizuri kiasi gani. Julai inapofika na hewa kushuka chini, samaki walewale hutawanyika kwenye uwanda mpana wa sakafu, na kamba lazima izame kuwafuata. Mvuvi huwa amebadilisha mawe na maboya tu, ilhali chambo ni kilekile.

Kabla sangara hajaletwa katika ziwa hili, majira yaliyotawala uvuvi wa pwani hii yalikuwa ya mvua. Wakerewe, Wakara, Wajita na Wasukuma wa kando ya ziwa walitega migono iliyosukwa, wakaziba midomo ya mito kwa uzio wa matete na kuacha nafasi za mitego. Shabaha yao kubwa ilikuwa ningu, samaki wa ziwani anayepanda mitoni kutaga mayai mvua zinapojaza mito. Mtego wa namna hiyo hauhitaji chambo, kwa sababu maji mapya yenye udongo ndiyo yanayomwita samaki, na mvuvi hujiweka njiani tu. Ndoano zilitumika pia, hasa kwa hongwe, kambale na kamongo, ambao huwinda usiku na kunusa chakula kwa mbali. Wote hawa huja pembezoni masika, mafuriko yanapofunika majani na kufukuza minyoo na wadudu kutoka ardhini.

Mwaka 1905 nyavu za kitani za kunasia mashavu zililetwa katika Ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, miaka minne baada ya reli kufika Kisumu. Zilienea kusini na kuugeuza uvuvi wa ngege, samaki wa jamii ya sato, kuwa biashara. Michael Graham, aliyetumwa na serikali ya kikoloni kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuta tayari ngege wanapungua katika maeneo yaliyovuliwa sana, akashauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano. Mwaka uleule wa 1928 reli ilifika Mwanza. Nyavu za nailoni zilipokuja miaka ya 1950, ndoano ikawa kazi ya wazee na watoto. Elimu ya chambo haikupotea, ila ilijificha pembezoni, kwenye miamba na gati, mikononi mwa watu wasio na fedha ya kununua wavu.

Furu ndio waliokuwa wengi kuliko samaki wote. Ni samaki wadogo wenye rangi, wengi wao wasiozidi urefu wa kiganja, na wanasayansi wamekadiria kwamba ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 zisizopatikana mahali pengine duniani. Uchunguzi uliofanywa kwa nyavu za kukokota kati ya mwaka 1969 na 1971 ulionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sakafuni ulikuwa wa furu. Miaka ya 1970 kiwanda kilijengwa Nyegezi kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Kundi la watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakiwamo Frans Witte na baadaye Tijs Goldschmidt, liliweka kambi Mwanza kuwahesabu na kuwapa majina. Walikuwa bado kazini walipoanza kuwaona wakitoweka.

Sangara alitiwa ziwani upande wa Uganda kuanzia mwaka 1954, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Kwa miaka mingi alikuwa haba katika maji ya Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na katikati ya muongo huo furu wa maji ya wazi ya ghuba walikuwa karibu wamekwisha. Aina zipatazo 200 zinadhaniwa zimetoweka katika ziwa zima. Hasara hiyo haina kipimo kwa elimu ya viumbe, na kwa watu wa ufukweni ilimaanisha kupotea kwa kitoweo cha bei nafuu ambacho mtoto yeyote aliweza kukivua kwa uzi na ndoano moja.

Hapo ndipo historia ya chambo inapokuwa na mafunzo mengi zaidi, kwa sababu sangara mwenyewe alilazimika kubadili mlo. Oliva Mkumbo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, pamoja na Mholanzi Wilhelmus Ligtvoet, walichapisha mwaka 1992 matokeo ya kupasua matumbo ya sangara wa Ghuba ya Mwanza. Furu walipokuwapo, sangara alijaza tumbo furu. Walipokwisha, alihamia kwa uduvi wa ziwani, kwa dagaa, na kwa watoto wake mwenyewe. Sangara wa miaka hiyo alikuwa amezoea kuokota vitu vidogo, tena vingi. Baadaye, miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, baadhi ya aina za furu zilianza kurudi, hasa zile zinazokula vijidudu vya majini, na sangara naye akarudi kwao. Kwa hiyo furu aliye kwenye ndoano leo ni chambo kinachomkumbusha sangara chakula alichokipata tena. Anayesema kwamba sangara "anapenda" furu anasema kweli, lakini upendo huo uliwahi kukatika, na unategemea nani yuko tele majini mwaka huo.

Ndoano zilirudi katikati ya ziwa pamoja na viwanda vya minofu, vilivyojengwa Mwanza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwanza sangara walivuliwa kwa nyavu. Samaki wakubwa walipopungua karibu na ufuko, na wizi wa nyavu ulipozidi, wavuvi wengi waliona kamba ya ndoano ina nafuu, kwani ni rahisi kununua na hasara yake ni ndogo inapoibwa. Sensa za uvuvi zilizofanywa na nchi tatu za ziwa kuanzia mwaka 2000 zilionyesha ndoano zikiongezeka sana. Kila ndoano mpya ilidai chambo chake, na hivyo ikazuka biashara nyingine mwaloni, ya watu wanaovua chambo na kuwauzia wavuvi.

Biashara hiyo ina majira yake. Furu hupatikana mwaka mzima penye miamba na kando ya matete, na mara nyingi huvuliwa kwa ndoano ndogo yenye nyungunyungu. Hapa chambo huvuliwa kwa chambo. Mvua za kwanza za vuli zinapolowesha udongo, nyungunyungu hutoka juu, mtoto akajaza kopo lake kwa dakika chache. Julai, ardhi ikiwa ngumu kama tofali, hulazimika kuchimba penye mifereji ya maji machafu au chini ya migomba. Kambale naye hutaga mayai mvua zinapofurika, kwenye maji ya kina kifupi yaliyofunika nyasi. Majuma machache baadaye vidimbwi na mabwawa ya mpunga hujaa watoto wake, na bei ya chambo hushuka. Kiangazi vidimbwi hukauka, na mvuvi hurudi kwa furu.

Hata hivyo mtoto wa kambale ndiye anayethaminiwa kuliko wote, na sababu yake ni ileile inayomtofautisha na sangara. Anavuta hewa ya juu. Furu hamsini katika ndoo moja humaliza hewa ya maji kabla mtumbwi haujafika mbali, ilhali kambale hukaa humo kutwa nzima akipanda mara kwa mara kuvuta pumzi. Kwenye ndoano nako huishi muda mrefu. Ngozi yake haina magamba na ni ngumu, haichaniki upesi, na anapojipinda kujinasua hutikisa maji. Ziwa la leo limechafuka, na kutikisa maji ni jambo kubwa. Graham aliposhusha kisahani cheupe kwenye maji ya wazi mwaka 1927 aliweza kukiona hadi mita saba hivi chini. Mbolea na udongo wa mashambani, maji machafu ya miji na kupungua kwa furu waliokula mwani vimelifanya ziwa kuwa la kijani, na katika ghuba nyingi kisahani hicho sasa hupotea kabla ya mita mbili. Sangara ana macho makubwa yanayong'aa usiku, lakini katika maji mazito hutegemea pia mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko. Chambo kilichokufa hakimpi habari yoyote.

Jambo hilohilo ndilo lililomfikisha mvuvi mmoja wa Finland, Lauri Rapala, kwenye chambo bandia kilichobeba jina lake duniani. Aligundua kwamba samaki wakubwa humchagua katika kundi yule mdogo anayeyumba kama aliyejeruhiwa, na mwaka 1936 alichonga kipande cha gamba la mti kikayumba hivyohivyo kikivutwa majini. Vyambo vya ukoo huo hutumiwa na watalii wanaovua sangara karibu na kisiwa cha Rubondo, magharibi mwa Mwanza, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Huvutwa nyuma ya mashua ya injini, na kipande cha plastiki kilichobandikwa puani ndicho kinachoamua kitazama kiasi gani. Mvuvi wa chambo bandia hujikuta akitii kalenda ileile ya mwenye kamba na mawe. Machi hutumia chenye pua fupi kando ya miamba, kwa sababu chini hakuna hewa. Agosti chenye pua ndefu kina kazi. Rangi zinazong'aa hufaa maji safi ya mbali, na penye maji ya kijani karibu na mito, kishindo cha chambo huzidi rangi yake.

Dagaa hutaka chambo cha namna nyingine kabisa, nacho ni mwanga. Upande wa Kigoma, katika Ziwa Tanganyika, watu walikuwa wakiwavua dagaa wa huko kwa moto wa kuni uliowashwa puani mwa mtumbwi, na karabai zilichukua nafasi ya kuni miaka ya 1950. Katika Ziwa Victoria uvuvi wa dagaa kwa karabai ulienea katika nusu ya pili ya karne ya 20, ukawa mkubwa hasa baada ya furu kutoweka, kwani dagaa walikuwa miongoni mwa samaki wachache wa asili walioongezeka mbele ya sangara. Taa hufungwa juu ya vyelezo, huachwa zikielea, na wadudu wadogo wa majini hukusanyika chini yake. Dagaa hufuata wadudu, na wavuvi huzivuta taa taratibu kuelekea kwenye wavu.

Mwezi unapong'aa, ziwa zima lina taa. Dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, na karabai hupotea katika mwanga mkubwa kuliko wake. Ndiyo maana kazi ya dagaa hufuata giza. Kwa siku kumi hivi kila mwezi, mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hulala mchangani na wavuvi hushona nyavu au huenda kwao. Ndani ya siku za kazi pia kuna hesabu. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo siku zinazofuata mwezi mpevu huanza na giza la jioni, na taa huwashwa mapema kabla mwezi haujatoka. Mwezi unaokua, ukishafika nusu, huzama usiku wa manane au baadaye, na wavu hungoja giza la alfajiri.

Giza lina msaidizi mwingine. Wadudu wa ziwani, ambao funza wao huishi kwenye tope la sakafuni, hupanda juu ya maji kwa mamilioni siku chache baada ya mwezi kuandama, wakaruka kama nguzo za moshi zinazoonekana kutoka ufukweni. Wakati wa kupanda hupita katikati ya dagaa, na dagaa hula. Mvua huharibu kazi hii kwa njia tofauti: dagaa waliovuliwa usiku lazima wakauke kwa jua la siku inayofuata, na masika hunyesha juu ya michanga walikoanikwa. Anayewaanika kwenye chanja zilizoinuliwa hupoteza kidogo zaidi.

Taa nazo zimebadilika. Karabai ilikula mafuta mengi, utambi wake ulikatika kwa wimbi dogo, na katika miaka ya 2010 taa ndogo za betri zinazochajiwa kwa jua zilianza kuchukua nafasi yake katika mialo ya Mwanza. Dagaa hawakuonekana kujali tofauti hiyo. Kinachowaita ni vijidudu vilivyo chini ya mwanga.

Mabadiliko ya karibuni katika chambo cha sangara yametokana na sheria na upungufu pia. Kokoro, wavu wa kukokota ufukweni, umepigwa marufuku Tanzania kwa sababu husomba mayai na watoto wa sato pamoja na kila kilichomo. Lakini ndio uliokuwa njia ya haraka ya kupata furu wa chambo kwa ndoo nzima, na katazo hilo, kila linaposimamiwa, huwaminya wenye ndoano. Jibu limeanza kutoka kwenye mabwawa ya kufugia. Nchini Kenya na Uganda vituo vya kutotolesha kambale vimepata wateja wakubwa kwa wavuvi wa sangara, wanaonunua watoto wa urefu wa kidole wakiwa hai. Watoto hao hupatikana hata Julai, wakati vidimbwi vya mashambani vimekauka na sangara wametawanyika chini kwenye kina kirefu, mahali ambapo chambo hulazimika kukaa hai usiku kucha kabla ya kuonekana.